Sura ya 7: Amenyamaza, Lakini Ametulia?

Swali hili nimeulizwa jikoni, nimeulizwa ndani ya matatu ya Thika, na siku moja niliulizwa matangani, chai ikiwa bado haijamiminwa: nyoka akiletwa leo, atazoea mkono wa mtu lini? Wengi wanaouliza hawana nyoka wala hawatampata. Wana mtoto aliyerudi kutoka safari ya shule kule Nairobi Snake Park, pale Museum Hill, ambako nyoka wamekuwa wakioneshwa tangu mwaka 1961, na tangu siku hiyo mtoto hataki tena habari za sungura.

Aliyenifanya niandike sura nzima ni mpwa wangu. Ameajiriwa na mfugaji mwenye leseni huku kwetu, upande wa mto Chania, ambako wanafunzi huletwa kwa basi, wakaoneshwa nyoka, na wenye moyo wakaruhusiwa kumgusa mmoja. Nyoka wa kuguswa aliyekuwepo alikuwa amezeeka. Akaletwa mwingine, na mpwa wangu akapewa kazi ya kumzoesha mikono kabla ya muhula wa tatu. Siku ya nne akanipigia simu.

"Shangazi, huyu nyoka ni mpole ajabu. Nikimshika hata hatikisiki."

"Anatoa ulimi?"

Akafikiri. "Hapana. Ulimi sijauona."

"Basi mrudishe, umwache. Nitakuja Jumamosi."

Mgeni mwenyewe

Alikuwa jike la nyoka ambaye vitabu vya kigeni humwita boa-mchanga wa Kenya. Boa ni jamii ya nyoka wasio na sumu ambao huua windo kwa kulizungushia mwili na kulibana. Wengi wakisikia neno boa huwazia lijoka la kwenye sinema, lakini huyu wetu ni mfupi na mnene kama mkono wa jembe uliokatwa katikati. Dume huishia karibu na sentimita 40. Jike hufika 80 hivi. Ana rangi ya machungwa yenye mabaka ya kahawia iliyokolea, pua iliyochongoka ya kuchimbia, na mkia butu ambao ukiutazama haraka utadhani ndio kichwa. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai.

Huku kwetu Thika na Ruiru huwezi kumkuta shambani. Kwao ni kwenye mchanga na joto: Tsavo, Kitui, kupanda hadi kaskazini. Marekani na Ulaya anafugwa sana, hasa na wanaoanza, kwa hiyo yuko kijana wa Chicago anayelijua jina la nchi yetu kupitia nyoka ambaye mtu wa Makongeni, hapa hapa Thika, hajawahi kumtia machoni.

Jambo la sheria nitalisema mara moja. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayeweka mnyamapori awe na kibali, na anayesimamia mambo hayo ni KWS, yaani shirika la serikali la kulinda wanyamapori. Kumwokota nyoka kwenye kahawa ukamtia kwenye ndoo si ufugaji, ni kesi. Yote yatakayofuata yanamhusu nyoka asiye na sumu, aliyezaliwa kifungoni, mikononi mwa mtu mwenye karatasi zake.

Dunia kama anavyoipokea

Nyoka hana kope. Hafumbi macho hata akilala, ndiyo maana huwezi kujua kwa kumtazama kama yuko macho. Hana tundu la sikio nje ya kichwa. Sauti nzito nzito za hewani huzisikia kidogo, lakini masikio yake makubwa ni taya: akiweka kidevu chini, mtetemo wa ardhi hupanda kwenye mfupa wa taya na kufika sikio la ndani. Ukipita kwa viatu vizito, amekwisha kujua.

Ulimi ndio pua yake. Ncha mbili za ulimi hukusanya chembe za harufu hewani na kuzirudisha kinywani, na juu ya kaakaa kuna viungo viwili vidogo vinavyozisoma. Kwa hiyo nyoka anayetoa ulimi polepole, akiupeperusha juu na chini, anauliza habari. Nyoka aliyeufungia ulimi ndani ameacha kuuliza. Hapo ndipo swali langu kwa mpwa wangu lilipotoka.

Na ana adui wa juu. Kwa nyoka mdogo, karibu kila kinachokuja kutoka angani ni mwewe, tai au korongo. Mkono wa mtu unaoshuka ndani ya sanduku, wenye vidole vitano vilivyotanuka, unafanana na nini?

Kwa boa-mchanga kuna la zaidi. Yeye huwinda kwa kujizika, macho na pua tu vikiwa juu, akingoja mjusi au panya apite. Kinachotikisa mchanga juu yake ni chakula. Ukimchokora kwa vidole kutoka juu umemletea mambo mawili kwa mpigo, mwewe na panya, na lolote atakaloamua wewe utaumia kidogo.

Kuganda na kutulia

Mwili wa nyoka mwenye hofu una njia nne. Atakimbia. Akikosa pa kukimbilia atatisha: atakunja shingo kama herufi S, atafoka, wengine watatikisa mkia. Atachafua: hutoa kinyesi na majimaji yenye uvundo unaobaki mkononi hata baada ya sabuni mbili. Au ataganda.

Tatu za kwanza hazimdanganyi mtu. Ya nne ndiyo inayodanganya, kwa sababu inafanana na upole. Mwili unakuwa mgumu, ulimi ndani, pumzi unaziona ubavuni zikienda haraka. Mwenye nyoka anafurahi, anapiga picha, anampa jirani amshike. Kila siku anarudia, na kila siku nyoka anajifunza kwamba mkono ni msiba usio na mlango. Wiki ya tatu anaacha kula, au anauma ghafla, na mwenyewe analalamika kwamba nyoka amebadilika tabia. Hajabadilika. Alikuwa anasema tangu siku ya kwanza.

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayepatikana pia upande wa Uganda, amepata umaarufu wa dunia nzima kwa tabia hii. Akiogopa hujiviringa kama mpira, kichwa katikati. Kwa Kiingereza amepewa jina la mpira, na maelfu wanauzwa kila mwaka kwa sifa ya upole. Wako wapole kweli miongoni mwao, waliotunzwa wakazoea. Lakini ule mpira wenyewe ni woga.

Na sisi tunaye wetu wa kukumbuka. Kule Nyakach, Kisumu, watu wana chatu wanayemwita Omieri, mnyama wa baraka na mvua. Mwaka 1987 aliyekuwa na jina hilo aliungua kwenye moto wa kichaka, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa. Mwaka 2003 akatokea chatu mwingine mwenye mayai, jina likarudi, na watu wakamiminika kumwona. Alikaa pale pale wakati umati unamzunguka. Wengi waliona heshima. Anayejua nyoka angeona mayai: chatu jike hujizungusha juu ya mayai yake na haondoki kirahisi, hata kama anatamani kuwa mahali pengine.

Mpwa wangu aliposikia haya alinyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku nne zote nilikuwa namtesa?" Nikamwambia hakumtesa, alimsoma vibaya. Hata mimi nyoka wangu wa kwanza, yule wa kahawia ambaye hukaa karibu na nyumba za watu kufuata panya, nilimshika jioni hiyo hiyo aliyokula, kwa sababu alikuwa ametulia sana. Usiku akatapika panya mzima kwenye sanduku. Harufu yake ilikaa chumbani hadi Ijumaa.

*Kwa ufupi:* ulimi unaocheza polepole na mwili laini unaotiririka ni utulivu. Ulimi uliofichwa na mwili mgumu ni hofu, hata kama hajasogea.

Mtambo wa posho

Jumamosi nilifika. Chumba kilikuwa safi, sanduku la kioo zuri, mchanga wa kutosha. Nikaweka kiganja juu ya rafu na rafu ikanijibu. Ukuta wa nyuma ulipakana na mtambo wa posho. Tangu saa mbili asubuhi hadi jioni, mahindi ya watu yakisagwa, rafu ilikuwa inatetemeka, na yule nyoka anayesikia kwa taya alikuwa amelaza taya juu ya mngurumo huo siku nzima. Sisi tuliokuwa tumesimama tulikuwa hatuusikii tena.

Tulihamisha sanduku hadi ukuta wa pili na kulilaza juu ya kipande cha godoro kuukuu la sponji. Kazi ya dakika kumi. Sijui mafunzo yoyote ya mkono ambayo yangefaulu kabla ya hapo.

Jambo la pili lilikuwa joto. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Julai hewa hushuka hadi karibu nyuzi 13. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe; analiazima kwa jua na mawe. Boa-mchanga anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 32 hivi na upande wa pili uwe na ubaridi, ili ahame mwenyewe. Akipoa hawezi kusaga chakula tumboni, na nyoka mwenye baridi hukaa kimya. Kimya hicho nacho huitwa upole! Pedi ya joto ilikuwepo, lakini stima ilikuwa inapotea usiku mara kwa mara, na hakuna aliyekuwa na habari. Dawa ya siku hizo ni chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, ikawekwa nje ya kioo, si ndani.

Baada ya hapo tukamwekea maficho mawili, gome la mti upande wa joto na chungu kilichovunjika upande wa baridi, bakuli la maji, na kitambaa juu ya nusu ya kioo. Nikamwambia mpwa wangu asimguse mpaka ale mara mbili. Aliona ninatania.

"Shangazi, wageni wanakuja Septemba."

"Na yeye ni mgeni wa nani?"

Kula ni ushahidi. Nyoka mwenye hofu hawezi kujishughulisha na chakula, kwa sababu akimeza yuko mateka: mdomo umejaa, hawezi kukimbia wala kuuma. Akimeza panya mbele yako, amekuhesabu na kukuona si hatari ya sasa hivi. Huyu wetu alikataa siku ya saba, akakataa ya kumi, akala ya kumi na nne, na tena siku kumi baadaye. Panya mwenyewe alikuwa amegandishwa, akayeyushwa, akapashwa moto kidogo kwa maji. Usimpe panya hai. Panya naye ana meno.

Mkono unaingia

Neno ninalotumia ni kuzoea, na nalichagua kwa makusudi. Sijapata kumwona nyoka akimpenda mtu kama mbwa anavyompenda, na wanaodai hivyo sitabishana nao. Kuzoea ni jambo dogo zaidi na la kweli zaidi: kitu kimekuja mara nyingi, hakijaleta baya, mwili unaacha kushtuka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyoka aliyeshikwa vibaya, naye akiona kivuli hushtuka, na kumtoa huko huchukua miezi.

Tulifuata mpango huu, na siku zake si amri. Nyoka mwingine atauvuka kwa wiki mbili, mwingine kwa miezi mitatu.

1. Siku tatu nne za mwanzo, mkono ndani ya sanduku tu, umelala kwenye mchanga, mbali naye. Dakika tano. Umeoshwa kwa sabuni isiyo na manukato, na haujagusa panya wala kuku.
2. Kisha mguso mmoja kwa kijiti laini, ubavuni, nyuma ya katikati ya mwili. Kamwe si kichwani. Mguso huo ufanywe kila siku ya kushikwa, na usifanywe kamwe siku ya kula. Baada ya muda huwa kama kubisha hodi: leo si chakula, leo ni mkono.
3. Kumwinua. Mkono uingie kwa upande, si kwa juu, upite chini ya mchanga na kumchota pamoja na mchanga wake, kama unavyochota unga. Mkono wa pili ubebe nusu ya nyuma.
4. Dakika tatu. Ukae chini sakafuni, ili akianguka asianguke mbali. Usimbane, mwache apite kutoka mkono hadi mkono, wewe uwe tawi.
5. Mara mbili au tatu kwa wiki, ukiongeza dakika taratibu hadi kumi na tano. Zaidi ya hapo ni furaha yako, si faida yake.

Hatua ya nne ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtu akihisi nyoka anatembea, vidole vinajifunga vyenyewe, na kwa nyoka vidole vilivyojifunga ni kucha. Mpwa wangu nilimfanyisha mazoezi kwa mkanda wa suruali. Aliupitisha mkononi mara ishirini bila kuukamata, huku wenzake wakimcheka mlangoni.

Kuna swali la lini kumrudisha, na hapa wafugaji hubishana. Ukimrudisha kila anapofoka, anajifunza kwamba kufoka kunalipa. Ukimng'ang'ania mpaka achoke, umerudi kwenye kuganda. Mimi hungoja ulegevu mdogo tu, ulimi mmoja, shingo kulegea, kisha namrudisha hapo hapo. Ikiwa dakika tano zimepita na hajalegea, namrudisha vilevile na kukubali kwamba leo nimeshindwa.

Usimshike nyakati hizi:

- saa 48 baada ya kula, na zaidi ikiwa uvimbe tumboni bado unaonekana;
- anapokaribia kujivua gamba, macho yakiwa yamepata ukungu wa buluu, kwa maana haoni vizuri;
- stima ikiwa imepotea usiku na bado amepoa.

Akiuma

Boa-mchanga anayeuma hurusha kichwa kwa upande, haraka kuliko unavyotegemea kwa mwili ule. Ni mikwaruzo midogo. Meno yake yamepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo ukivuta mkono unajichana mwenyewe na unaweza kumvunja jino. Tulia, mmwagie maji baridi kidogo kichwani kama ameng'ang'ania, kisha osha kwa sabuni.

Hayo ni kwa nyoka unayemjua. Usiyemjua ni hospitali, na haraka, bila kukata jeraha, bila kufunga kamba, bila kufyonza. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni kama dawa ya kuumwa na nyoka liache huko huko sokoni.

Wa shambani

Naongeza sehemu hii kwa sababu ya barua moja. Mama mmoja wa Ruiru alisema mwanawe, baada ya kuona video, ameanza "kuzoesha" nyoka anaowakuta kwenye migomba.

Kenya ina zaidi ya aina 120 za nyoka, na wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini wako wanaofanana. Kuna nyoka mla mayai, asiye na madhara kabisa, ambaye mabaka yake ni kama ya nyoka mwingine mdogo mwenye sumu anayewinda vyura usiku. Kuna mweusi mdogo wa kuchimba chini, mng'avu, anayeonekana kama mnyoo mkubwa: meno yake ya sumu hutokeza kando ya mdomo bila kuufungua, kwa hiyo hata fundi hawezi kumshika nyuma ya kichwa akasalimika. Na kifutu, anayelala kwenye majani makavu bila kusogea hata ukimkaribia. Huyo naye amenyamaza.

Bibi yangu wa Gatundu alikuwa na desturi ya zamani ya Wagikuyu: nyoka akiingia nyumbani hapigwi, huenda ni mzee wa ukoo, humwagiwa maziwa. Maziwa nyoka hana kazi nayo. Lakini watu wa boma lile walikuwa wanarudi nyuma, wanawaita watoto, na mlango unaachwa wazi.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti

Nilirudi wiki ya saba. Mtambo wa posho ulikuwa unanguruma upande wa pili wa nyumba. Mpwa wangu alinawa mikono, akavua saa, akaingiza mkono kwa upande na kuulaza kwenye mchanga. Hakusema kitu. Mchanga ukapasuka karibu na chungu, pua ikatoka, halafu ulimi, polepole, juu, chini, juu. Nyoka akatambaa akipita nyuma ya kifundo cha mkono wake, ngozi ikigusa ngozi, mpaka kwenye bakuli. Akatumbukiza midomo, na tukaanza kuona koo likienda.

"Shangazi," akaninong'oneza, "nimtoe?"

"Mwache anywe."